Meno Yaliyobaki Ngungu

Mama yangu alikuwa na meno ya kutoa na kurudisha, na kuna mtu mmoja tu aliyekatazwa kujua: bwana yangu. Ndugu walijua, munganga wa meno wa Goma alijua, hata jirani mmoja mpenda habari za watu alijua. Mukwe wake, hapana. Kwetu Ngungu mama-mukwe na mukwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Mama hali chakula mbele yake. Hawatazamani usoni. Wakiwa na neno linapita kwangu, hata kama wamekaa hatua tatu mmoja na mwenzake. Na habari za mwili wa mama-mukwe, iwe homa, iwe jipu, mukwe hazigusi kabisa. Sasa mdomo ndio usiseme. Mama alisema afadhali azikwe kuliko yule kijana wa Butembo ajue kwamba meno yake yanalala ndani ya kopo. Kijana mwenyewe alikuwa na duka, pikipiki na mvi za kutosha, lakini kwa mama alibaki kijana.

Meno yake ya kuzaliwa yaliishia Walikale. Wakati wa vita ya kwanza tulikimbilia Itebero, kule kule Walikale, siku nyingi za miguu ndani ya pori, tukakaa kule miaka. Njo kule meno yalianza kumuuma. Munganga hakuwako. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye koleo la kutengenezea baiskeli, naye alikuwa anang'oa jino huku anakuuliza habari za shamba. Tuliporudi kwetu Masisi mama alikuwa amebaki na mawili ya chini, nayo yakaanguka yenyewe.

Mtu wa mji anaweza kusema: si atakunywa uji tu. Hajui mama alikuwa nani. Alikuwa njo mwanamke wa kupima maharagi. Ukivuna unaanika, na mbele ya kutia maharagi kwenye gunia lazima mtu ayaume. Haragi likipasuka katikati, limekauka. Likiacha alama ya jino, rudisha kwenye jua, la sivyo litaoza. Wanawake wa mlima mzima walikuwa wanamletea konzi ya maharagi aume. Bila meno alinipa mimi niume kwa niaba yake, halafu hakuniamini. "Weye unauma sawa vile unabusu," alisema.

Kaka yangu, mkubwa wetu anayefanya kazi Goma, njo alisema imetosha. Kwanza mama alitengenezewa dantie ya kawaida, meno ya bandia ya juu na ya chini. Ya juu ilikaa. Ya chini ilicheza mdomoni kama kiatu cha kuazima, maana mfupa wa taya ulikuwa umepungua. Munganga akasema kuna njia ingine: kupanda vyuma viwili vidogo ndani ya mfupa wa chini, kama vise, skrubu ndogo, kungoja miezi mpaka mfupa uvishike, kisha kutengeneza dantie yenye vitundu vya kukamata vichwa vya vile vyuma. Mama aliposikia habari ya kutoboa mfupa aliangalia mlango. Lakini alikaa. Sindano ya ganzi ilipoingia alinishika mkono mpaka kucha zake zikaacha alama.

Miezi ya kungoja alikula uji na viazi vya kuponda, ananung'unika kila siku. Siku ya kuvishwa, dantie ilishika na sauti ndogo, na mama akafunga mdomo, akafungua, akatikisa kichwa kwa nguvu. Haikucheza. Alicheka, halafu akalia. Nami nililia. Sina haya kusema kwamba siku ile nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu.

Munganga alinifundisha mimi kuyatunza, kwa sababu macho ya mama hayakuona tena vitu vidogo. Kila jioni meno yanatoka, ufizi upumzike. Unayasugua kwa brosi laini na sabuni kidogo, juu ya beseni yenye maji, ili yakikuponyoka yasivunjike. Maji ya moto hapana, yanayapinda. Yanalala ndani ya maji safi, hayatakiwi kukauka. Kisha unarudi mdomoni, unazungushia brosi vichwa vya vyuma taratibu, maana uchafu ukikaa pale ufizi unavimba na chuma kinaweza kulegea. Ndani ya dantie kuna vipira viwili vinavyoshikilia. Vikichoka, unarudi Goma vibadilishwe. Na asiume vitu vigumu. Hapo nilimwangalia mama, mama akaangalia dirisha. Wiki ya pili tu nilimkuta nyuma ya nyumba anauma haragi. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Nimejaribu moja tu," akasema, na mkononi alikuwa na konzi nzima.

Alikuwa anaishi katika nyumba ndogo ambayo bwana yangu alimjengea nyuma ya yetu, yenye njia yake na jiko lake. Kopo la meno alilificha nyuma ya chungu cha mbegu. Alichagua vizuri, maana kwetu mwanaume hatii mkono kwenye mbegu ya mwanamke, na mukwe haingii hata katika nyumba yenyewe.

Vita ilipotufikia tena ilikuja asubuhi, hata chai bado. Milio ya bunduki ilitoka upande wa juu. Bwana yangu alifunga magodoro na sufuria kwenye pikipiki, akatoa kila kitu cha nyumba yetu alichoweza, mpaka mwavuli uliovunjika. Nyumba ya mama hakuigusa. Alisimama mbali akaniita: "Mwambie mama atoke." Mama alitoka mbio, kitambaa cha kichwa kikiwa bado mkononi. Mimi nilikuwa na watoto wanne na akili moja. Sikukumbuka.

Tulikuwa tumeshuka mbali, njia ya kwenda ziwani, nilipomwona mama amefunika mdomo kwa kikwembe alichojifunga. Nilidhani analia. Nilimkaribia nikamuuliza ana nini. Alisogeza kikwembe kidogo, kwa ajili yangu tu, nikaona ufizi mtupu na vile vichwa viwili vya chuma. Nikasema narudi. Alinishika mkono, akaonyesha kwa kichwa upande wa mukwe wake aliyekuwa mbele anasukuma mizigo, kisha akaweka kidole mdomoni.

Kirotshe, kando ya ziwa, tulipewa kona ya darasa, pamoja na jamaa zingine. Mama-mukwe na mukwe kulala chumba kimoja. Hata vita ina matusi yake. Nilitundika kikwembe katikati, bwana yangu upande ule, mama na mimi na watoto upande huu. Chakula tulichopata kilikuwa mahindi ya punje, na maharagi ambayo kuni hazikutosha kuyaivisha. Mama alikunywa mchuzi, punje akawapa wajukuu. Hakuongea na mtu. Ukimsalimu aliinamisha kichwa tu. Nilikuwa namsafishia vile vyuma kwa maji ya chumvi na ncha ya kitambaa, lakini ufizi ulianza kuwa mwekundu, na mashavu yalikuwa yanaingia ndani kila siku. Bwana yangu aliniita kando. "Mama iko na kasirani na miye? Juu niliwakimbiza mbio?" Nikamjibu ni huzuni tu. Nilimdanganya mtu mwema, na roho iliniuma.

Siku ya tisa uvumilivu uliniishia. Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimwambia: "Mama, leo ninamwambia papa wa watoto. Atapanda kule na pikipiki, atarudi mbele ya jua kushuka." Akanijibu kwa ile sauti ya bila meno, yenye upepo ndani: "Ukimwambia, sitaangalia tena muntu machoni." Nikasema: "Basi, ukufe na haya yako." Nilisema hivyo, kwa mama yangu mzazi. Kisha nikachukua bidoni nikaenda kuteka maji.

Kesho yake kulikuwa kimya upande wa milima, na wanawake kadhaa walikuwa wanapanda kutafuta chakula mashambani. Mama alijifunga kikwembe, akachukua kitunga. "Naenda kutwala mbegu," akasema. Bwana yangu alisikia kutoka upande wake wa pazia. "Mwambie mama angojee, njia haiko muzuri." Nikamwambia. Mama akanirudishia: "Mwambie papa wa watoto, mbegu haingojaka muntu." Kwetu hakuna anayebisha mbele ya neno hilo, mwanamke anayerudia mbegu yake hashangazi mtu, na kila mmoja pale alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilijua anarudia nini. Neno moja tu kwa bwana yangu lingemzuia. Lakini hasira ya jana nilikuwa nayo bado, nikainama kupuliza moto. Hakuniaga, nami sikumuaga.

Wanawake walirudi siku iliyofuata, jua likielekea kushuka, bila yeye. Mmoja wao alinieleza. Mama alifika kwake, akatoka na kitunga cha maharagi kichwani, akiwa mtu mwingine. Njiani walichoma mahindi, naye akala, akawasimulia maisha ya Itebero mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka. "Leo mama yako alikuwa na maneno mingi," yule mwanamke aliniambia, akidhani ananifariji. Halafu mama akabaki nyuma kidogo, kitunga kilikuwa kizito. Risasi zilitoka mlimani. Walitawanyika, na walipoitana majina, yeye hakuitika.

Bwana yangu alienda na wanaume watatu. Walimpata kando ya njia. Yule mukwe ambaye hajawahi kumgusa hata mkono alimfunika kwa koti lake mwenyewe, akamlaza kwenye kipoyi, machela ya miti, akashika mbele mpaka Kirotshe, hakukubali kupokewa. Alipomweka chini alitoka nje akasimama na mgongo kwetu.

Wanawake wa ukoo wa mama waliokuwa pale walikuja kunisaidia kumwosha. Niliwaomba watoke, habari ya meno isije ikamfikia mukwe. Walinishangaa, maana maiti haioshwi na mtu mmoja, na mmoja alisema huzuni imenigeuza kichwa. Nilifunga mlango. Nilimtoa meno, kama kila jioni, nikayasugua. Katikati ya meno ya nyuma kulikuwa na ganda la hindi. Nilisafisha vile vyuma viwili taratibu, namna nilivyofundishwa, kisha nikarudisha meno na kuyabonyeza mpaka yakashika. Nilimwambia sikioni kwamba siri yake ninayo bado. Nilimwomba pia msamaha wa lile neno, nikangoja, hata kama nilijua hakuna cha kungoja.

Baada ya matanga bwana yangu alikuja kukaa nami kwenye ukuta wa darasa. Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu, nikamwambia yote: meno, kopo, ugomvi wetu wa siku ya tisa. Nilingoja ashangae. Hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Kaka yako aliniambia siku niliwatafutia gari ya Goma. Aliniomba ninyamaze, mama asisikie haya."

Nilimuuliza kwa nini siku zile zote, akiona mama anakwisha, hakuniambia hata mimi. Nilimuuliza kwa sauti kubwa, watu wakageuka.

"Ningesema namna gani? Ule ni mama-mukwe wangu," akasema. "Nilikuwa nangojea weye unitume."

Nilitaka kumpiga. Nilinyanyua mkono kabisa, kisha nikaushusha. Yeye alikatazwa na desturi. Mimi hakuna aliyenikataza ila mama, na mama nilikuwa nimembishia maisha yangu yote, katika kila jambo isipokuwa lile.