Kilo za Akiba za Twahiru

Kama ulipanda ndege ya mizigo ya jeshi pale uwanja wa Kanombe katika miaka ya vita, Twahiru alikupima, hata kama hukumwona akifanya hivyo. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, chaki sikioni, akakutazama mara moja kutoka buti hadi kofia, na kwenye karatasi yake ukawa namba. Mizani ya chuma ilikuwepo, lakini sindano yake ilikuwa na wazimu wake, na marubani waliyaamini zaidi macho ya Twahiru. Wenzake walimtania kwamba hata mke alimwoa kwa kilo. Si kweli. Alimpendea Kayitesi kicheko chake, kisha ndipo akampima: hamsini na sita.

Alikuwa mtoto wa Gitega, mtaa wa mji mkuu wa Rwanda, wa nyumba ya Waislamu ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombeza na ya kubembeleza vilevile. Mama yake alimlea kwa cherehani moja. Jeshini aliingia kama mbeba mizigo, na vita vilipoanza Oktoba ya mwaka tisini, alikuwa tayari mpakiaji wa ndege, mtu wa kuamua kipi kiende mbele, kipi nyuma, na kipi kibaki chini.

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, injini mbili, na ilipowaka ilitoa moshi mweusi hadi wageni walidhani inaungua. Walikwenda Ruhengeri, kwenye mapigano, na risasi na unga, wakarudi na majeruhi. Na viazi, tusifichane. Hakuna ofisa aliyekwenda Ruhengeri akarudi bila gunia la viazi. Siku moja ya mwaka tisini na moja maofisa walipenyeza magunia tisa chini ya machela za majeruhi, bila kumwambia mtu. Ndege ilikataa kupanda. Ilikwenda ikijivuta, ikapita juu ya mikaratusi kwa kudra ya Mungu tu, na majeruhi waliokuwa wakilalamika wote wakanyamaza.

Walipotua Kanombe, fundi wa ndege, Mzee Révérien, alichomoa majani ya mkaratusi kwenye gurudumu. Akampa Twahiru moja.

"Kula," alimwambia. "Leo tulikuwa mbuzi."

Kisha akamvuta kando. "Kijana, sikiliza. Kila safari andika kilo mia mbili zaidi ya zile iko kweli. Rubani usimwambie, ofisa usimwambie. Wao wataiba tu, na wewe utakuwa umewaibia kwanza. Hizo ndizo kilo za akiba."

Twahiru alishika neno hilo kama amelishika kwenye msahafu. Toka siku hiyo hakuna karatasi yake iliyosema kweli, na hakuna safari iliyogusa tena miti. Mazoea hayo yakamwingia hata nyumbani. Harusi ya watu mia, alishauri wapike wa mia na thelathini. Kiti cha mama yake kilipolegea mguu mmoja, alikipiga misumari sita. Mama yake alimcheka, lakini mtu aliyeona majani ya miti kwenye gurudumu haponi.

Mwaka tisini na mbili akazaliwa binti, Kaze, na kila mwisho wa mwezi Twahiru alimleta kambini kumweka kwenye ile mizani ya wazimu. Ndege nzima ilisimama kazi. Rubani wao, Kapiteni Léonce, mtu mrefu asiyecheka hovyo, ndiye aliyemshika mtoto asianguke, na Révérien aliipiga sindano kibao hadi ikatulia. Mtoto wa kwanza Rwanda nzima kuwa na karatasi ya uzito yenye mhuri wa jeshi. Machi ya mwaka tisini na nne alikuwa kilo kumi na moja.

Aprili ilipofika, kilo hazikuwa tena mchezo. Kitambulisho cha Kayitesi kilisema yeye ni Mtutsi, na mwezi huo neno hilo lilitosha mtu kuuawa. Siku ya pili ya mauaji, watu wenye mapanga walikuwa tayari wanapita mlango kwa mlango hapo Gitega. Mama yake Twahiru alifunga mlango, akanyoosha kidole juu.

"Iko nafasi darini. Chakula nitapitishia pale juu ya jiko. Wakiingia, mimi nashona tu."

Twahiru alipanda juu ya meza, akalibonyeza dari kwa kiganja. Lilikuwa la vibao vyembamba, misumari imeshika kutu. Alipiga hesabu kichwani, kisha, kama kawaida yake, akatoa akiba.

"Halibebi, mama. Kayitesi na mtoto ni sitini na saba. Dari hili mwisho wake ni hamsini. Litawaangusha katikati ya hao watu."

"Hiyo ni hesabu ya dari ao hesabu yako?" mama aliuliza.

Kayitesi alikuwa amekaa chini na mtoto mapajani. "Baba Kaze, mimi nitakaa huko juu. Sitajigeuza hata kidogo. Niache na mama."

"Dari silijui," Twahiru alisema. "Ndege naijua."

Na kweli alikuwa na ndege. Kesho yake ilikuwa iruke kwenda Kamembe na familia za wakubwa, na kutoka Kamembe hadi daraja la kuvukia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, si mbali. Kaka yake Kayitesi alikuwa Bukavu. Twahiru alikuwa amekwisha kumwendea Kapiteni Léonce, akamwomba kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kujisaidia.

Léonce alitazama pembeni kwanza. "Orodha si yangu," alisema. "Lakini mimi sisomi vitambulisho, Twahiru. Nasoma karatasi yako. Kama iko nafasi, walete."

Alfajiri Révérien alikuja Gitega na lori la kambi. Kayitesi na mtoto walilala chini ya nyavu za kufungia mizigo, Kaze akinyonya kitambaa chenye sukari. Pale njia panda ya Sonatubes palikuwa na kizuizi, na chini ya ukuta kulikuwa na vitu ambavyo Twahiru hakutaka macho yake yavipime. Yakavipima. Vijana wenye mapanga waliona sare, wakapiga saluti. Mama yake hakuwa ametoka mlangoni kuwaaga. Aliposikia lori likiondoka, akaendelea kushona.

Kambini Twahiru aliwaficha katika stoo ya nyavu, akaenda kupakia. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na mimi simlaumu, maana mpakiaji yeyote angelifanya. Luteni mmoja alikuwa amesimama na vitu vya mkubwa wake: magodoro, viti, friji. Kila Twahiru alipoandika kwamba imebaki nafasi, hata ya mto wa kulalia, luteni alileta kitu. Basi Twahiru akaijaza karatasi haraka. Akaandika kwamba ndege imejaa, akapiga mstari, akatia sahihi. Moyoni alijua kwamba chini ya mstari huo zimelala kilo mia mbili ambazo hakuna anayezijua, na sitini na saba kati yake zina majina. Hata Révérien hakumwambia kwamba ndizo atakazozitumia. Siri ya kilo za akiba ndiyo iliyowaweka hai miaka mitatu, angeanzaje kuitangaza leo?

Makombora yalianza kuanguka upande wa pili wa uwanja. Injini zikawaka. Twahiru alikimbia hadi mbele, akainama sikioni mwa rubani.

"Kapiteni, niwalete sasa? Karatasi inasema imejaa, lakini mimi nimedanganya. Iko kilo mia mbili za akiba. Siku zote iko."

Léonce aligeuka, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Najua," alisema. "Toka tisini na moja najua. Ndege ilikuwa inainuka kabla sijaivuta. Mikono yangu si mijinga, Twahiru. Kila safari nachukua zile mia mbili zako naziweka mafuta, nisije nikaishiwa angani. Leo pia nimeziweka. Karatasi imejaa, nikadhani umeshindwa kuwaleta. Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

Révérien, aliyekuwa nyuma yao na kitambaa chenye grisi mkononi, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyejaza mafuta miaka yote hiyo. Uongo wa wote wawili aliujua, na kwa kuwa ulikuwa unafutana vizuri, hakuona sababu ya kuugusa.

Kuyatoa mafuta kulihitaji nusu saa. Friji lilikuwa na luteni juu yake, na luteni alikuwa na bastola. Twahiru alisimama pale na hasira ya kuweza kung'oa mlango, lakini mlango haukuwa na kosa. Ndipo alipokumbuka namba moja ambayo hakuwahi kuisahau kwenye karatasi yoyote. Mpakiaji: sitini na nane.

"Mimi nabaki," alisema. "Wao ni sitini na saba. Unafaidi kilo moja, Kapiteni."

Aliwaleta mbio, Kayitesi amejifunika koti la mvua la jeshi. Aliwaketisha kwenye kiti chake mwenyewe, karibu na mlango wa nyuma, akawafunga mkanda. Kaze alitaka chaki, akampa.

"Na wewe unakaa wapi?" Kayitesi aliuliza.

"Hapa hapa nyuma, kama siku zote. Nafunga mlango kwanza."

Akaufunga, kwa nje.

Alikimbia hadi kwenye nyasi akaitazama. Kwa kawaida, isipojazwa hadi mwisho, iliinuka kwenye taa ya nne. Ilipita ya nne, ya tano, ya sita, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya viazi Twahiru alijua kwamba ndani yake hamna akiba hata ya kilo moja. Magurudumu yaliachana na lami mwishoni kabisa. Alikaa chini akalia kwa furaha, watu wakipita wanakimbia, akiwahesabia dakika: sasa wako juu ya Butare, sasa wanaona ziwa. Nataka msomaji amwache alie, maana ile ndiyo furaha yake ya mwisho ninayoijua.

Kambi ilianguka mikononi mwa waasi mwezi wa Mei. Twahiru alishikwa pamoja na wengine, akahojiwa, akaonekana hana la kujibu zaidi ya mizigo, akaachiwa mwishoni mwa Agosti. Miezi yote hiyo hakuomba kingine ila barua kutoka Bukavu. Alirudi mjini kwa miguu, na pale Sonatubes akamkuta Mzee Révérien amekaa juu ya jiwe, viatu vimefungwa kwa kamba. Alikuwa ametoka Kamembe, kwa miguu vilevile. Alipomwona Twahiru hakusimama.

"Walifika?" Twahiru alimwuliza, kabla hata ya salamu.

"Tulitua vizuri," Révérien alisema. "Vizuri kabisa. Kapiteni aliwatafutia pikapu ya kuwapeleka darajani. Kizuizi cha kwanza walipita. Cha pili..." Alisugua magoti yake. "Cha pili walikuwa wanasoma vitambulisho."

"Na Kaze?"

"Alikuwa mgongoni kwake, Twahiru."

Alipanda hadi Gitega, hajui miguu ilimfikishaje. Mlango ulikuwa wazi, cherehani inalia. Mama yake alimtazama usoni mara moja, akaacha kushona, akamshika kichwa. Jikoni kulikuwa na wasichana wawili wanachambua maharage. Twahiru aliwajua: mabinti wa Bayingana, fundi viatu wa nyumba ya tatu. Bayingana na mkewe waliuawa siku ileile lori lilipoondoka.

"Hawa walikuwa wapi?" aliuliza.

Mama yake alijua mwanawe atakachokifanya na jibu hilo.

"Walikuja mchana ule, nyinyi mmekwisha kwenda," alisema. "Sikuwa na pengine pa kuwaweka."

Twahiru aliinua macho. Dari lilikuwa pale pale, vibao vyembamba na misumari yake ya kutu, halina hata ufa. Wasichana walisimama kumwamkia, na macho yake, bila yeye kutaka, yakafanya kazi yao. Mkubwa arobaini na mbili. Mdogo thelathini na tisa. Na hapo ni baada ya miezi mitatu ya njaa kule juu.