Mstari wa Kijivu Juu ya Lushebere

Siku yangu ya kwanza kwenye imprimerie, kiwanda cha uchapaji, ya Kitshanga, Mkuu wa Mashine alinipa lenzi ndogo akaniinamisha juu ya kalenda. Picha ya ng'ombe ikavunjika kuwa vitone: buluu, njano, nyekundu, nyeusi.

"Dada, kazi yetu iko vitone tu," alisema. "Vikinenepa kidogo, ng'ombe anageuka mugonjwa."

Nilikaa na vitone hivyo hadi uzee.

Mabamba yetu, yaani zile sahani nyembamba za aluminiamu zinazobeba picha mashineni, tuliyanunua kwa muuzaji mmoja miaka mingi. Vita vilipofunga barabara yake, Mkurugenzi alipata mwingine, mzigo ukapitia Walikale. Mabamba mapya yalinenepesha vitone. Epreve, karatasi ya majaribio tunayomwonyesha mteja kabla ya kuchapa, haikufanana tena na kazi yenyewe. Ikabidi tutafute programu ya kompyuta itakayoiga rangi za mabamba hayo. Zilipatikana mbili, nami nikaambiwa nichague.

Nilitumia picha ya kalenda mpya: mlima ulio juu ya kijiji cha Lushebere, maharage na mihogo hadi kileleni. Programu ya kwanza ilitoa mlima laini, wa kijani. Ya pili ilitoa mlima uleule, ila mstari wa kijivu ulikata mashamba kama kovu. Nikasafisha printa, nikarudia. Mstari ukarudi. Kwenye picha yenyewe haukuwepo.

"Twaa hii ya kwanza, Mama," alisema Mkurugenzi. "Muteja anapenda kizuri."

"Tuchape kwanza, Patron. Mashine njo itasema."

Tukachapa. Anga, udongo, mabati ya nyumba, kila rangi ilifuata programu ya pili. Mstari tu haukutoka.

Mama Mapendo, mshonaji wetu wa vitabu, alipita akaiona epreve ile. Akasimama.

"Hapa njo kwetu," alisema. Kidole chake kikafuata mstari polepole. "Chemchemi yetu imekauka. Sasa maji inatokea hapa, na hapa. Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu."

Mama Mapendo aliondoka mchana uleule, aproni ikiwa bado kiunoni, akawahamishia watoto na mama mkwe wake kwa ndugu huko Masisi centre, mjini. Shemeji yake alimcheka. "Unakimbia karatasi?" Akabaki kulinda mbuzi.

Siku chache baadaye mlima ulianguka jua likiwaka, bila tone la mvua. Waliokuwa mbali walisema haukupiga kelele. Shemeji hakupatikana.

Mkurugenzi hakubishana tena. Tulichukua programu ya pili. Niliipitisha humo picha ile mara moja zaidi. Mlima ulitoka kijani kitupu.

Sasa nimestaafu, niko Kirolirwe kati ya malisho. Vijana wa kazi hii wakiniuliza programu gani wachague, nawaambia: ile inayofuata mashine, hata kama haipendezi. Lakini si wao tu wanaokuja. Habari ya mstari ilienea, na watu hushuka milimani na picha za kwao kwenye simu. "Mama, utuangalilie kwetu." Naangalia. Hadi leo nimeona kijani tu.

Juzi alikuja Mama Mapendo na picha ya nyumba yake mpya ya mlimani. Alininyooshea simu, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Acha, dada," alisema. "Usiangalie."