Kuku wa Mkwe Kisiwani Naxos

Jairo alizaliwa milimani Ileje, akahamia Tunduma akiwa kijana, na tangu hapo kazi yake ikawa kusaga mahindi ya watu wa mtaa wa Sogea. Mashine ilimlisha, ikamjengea nyumba, ikamsomesha mwanawe Yonasi mpaka akafika Uholanzi na kupata kazi huko. Halafu ikaanza kumla kifua. Daktari alimsikiliza anavyopumua, akamwambia apumzike. Jairo akapumzika Jumapili, Jumatatu akarudi kazini.

Yonasi alipozipata habari hizo alipiga simu.

"Baba, mwezi wa saba tunakwenda likizo kwenye kisiwa cha Wagiriki. Wewe na mama mnakuja."

"Niende kupumzika kwa Wagiriki? Kwani hapa hakuna kitanda?"

"Hapo kitanda kipo, lakini ukiamka tu uko kwenye mashine."

Hilo lilikuwa kweli, na Jairo hakuwa mtu wa kubishana na ukweli kwenye simu. Mashine akamwachia mdogo wake, Alinanuswe.

Mkewe, Enesi, alikuwa na swali moja tu. "Huko nani atapika?"

"Tutajipikia, mama," alisema Yonasi. "Tumekodi nyumba nzima, ina jiko na vyombo vyote."

Enesi aliitazama simu. "Yaani tupande ndege, tupande meli, twende tukapike?"

"Ndiyo likizo yenyewe hiyo."

Enesi akafungasha unga.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni nyumba yenyewe. Kwa Wandali wa Ileje wa rika la Jairo, mwanamume na mke wa mwanawe hawakutani ovyo. Hawali meza moja, hawapeani mikono, hawasemeshani; akitokea huyu, yule anapisha njia. Si ugomvi. Ni heshima, tena ile ya juu. Mke wa Yonasi alikuwa Mholanzi aitwaye Anneke, na alikuwa amefika Tunduma mara moja tu tangu aolewe. Safari hiyo haikuwa na tatizo. Nyumba ya Jairo ina milango miwili na ua mpana, na mashine iko mbali. Alimheshimu mkwe wake kuanzia siku aliyofika mpaka siku aliyoondoka, bila kumwona vizuri sura.

Nyumba ya Naxos ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, jiko ambalo ndilo hilohilo sebule, bafu moja, na mlango mmoja.

Siku ya kwanza walishuka wote ufukweni. Anneke akavua gauni, akabaki na nguo ya kuogelea. Jairo akanyanyuka, akageuza kiti, akakaa tena. Mchana kutwa aliipa bahari mgongo na kutazama mlima. Ulikuwa mlima mkavu, wenye mawe mengi na mbuzi wachache.

Jioni mjukuu wake, Ikupa, binti wa Yonasi, alimwuliza, "Babu, hupendi bahari?"

"Nimeisikia," alisema Jairo. "Inatosha."

Kesho yake asubuhi alikuwa jikoni na kikombe cha chai, akasikia kandambili za Anneke zinakuja. Mlango ulikuwa upande huohuo wa kandambili. Dirisha lilikuwa wazi, nalo halikuwa juu sana. Jairo, mzee wa kanisa la Moraviani, akatoka kwa dirisha na kikombe chake, wala chai haikumwagika.

Nje alikutana uso kwa uso na mwenye nyumba, mjane mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi juu mpaka chini, anamwagilia maua. Jairo aliona hawezi kupita bila salamu. Wageni wote aliowahi kuzungumza nao maishani walikuwa Wazambia wanaovuka kuja kusagisha, kwa hiyo akamsalimia kwa Kibemba.

"Mulishani, mayo."

"Kalimera," alijibu yule mama, yaani habari za asubuhi kwa Kigiriki.

Jairo akadhani hilo ndilo jina lake, na tangu siku hiyo akawa anamwita Mama Kalimera. Yeye hakukataa. Asubuhi iliyofuata Jairo alipotoka tena dirishani, mguu wake ulitua juu ya kigoda. Mama Kalimera alikuwa amekiweka pale chini ya dirisha, hakuuliza lolote, akaendelea na maua yake.

Mambo yakaenda hivyo. Wengine walikula mezani, Jairo alikula nje chini ya mzabibu, sahani magotini. Anneke akiingia bafuni, Jairo alikwenda kutazama mbuzi. Yonasi, aliyekaa Ulaya muda mrefu, alidhani baba yake anapunga hewa kama alivyoagizwa na daktari, na alifurahi kuona likizo inamfaa.

Anneke hakudhani hivyo. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani, miaka miwili, kwa ajili ya wakwe zake, na alikisema polepole na kwa usahihi, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa anamenya viazi, Enesi anasonga ugali, na Jairo amekaa nje kwenye kigoda chake. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama," alisema Anneke, "kwa nini baba ananichukia?"

"Nani kasema anakuchukia? Anakuheshimu."

"Nikiingia, anatoka dirishani."

"Ndiyo heshima yenyewe. Kwetu ndivyo ilivyo."

Anneke akamenya kiazi kingine, akakimaliza. "Mimi nimeolewa miaka tisa. Kila nikimwona ninamwambia shikamoo, na hajaniitikia hata mara moja. Paka wa hapa anasalimiwa. Nimesikia kwa masikio yangu. Anamwambia, habari za asubuhi, paka."

Mwiko wa Enesi ukasimama ndani ya sufuria. Halafu Anneke akaanza kulia, kwa sauti ndogo, huku anamenya.

Jairo alibaki palepale. Ile habari ya paka ilikuwa kweli. Miaka tisa alikuwa akimtumia mkwe wake heshima, na kumbe mzigo wote umekwama mpakani. Hakuna hata mfuko mmoja uliofika. Alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia siku daktari alipomweleza habari za mapafu. Chakula kilipoletwa hakukigusa.

Jioni akamwita Yonasi pembeni.

"Nataka kuku."

"Kuku yupo, baba. Kwenye friji."

"Huyo ameshakufa, tena hana kichwa. Nimkabidhi mkwe wangu maiti?"

Yonasi akamtazama baba yake, kisha akatazama dirisha, kisha kigoda. Hapo ndipo alipoelewa likizo yote ilivyokuwa imeendeshwa. "Baba," alisema, "nilijua mila hiyo mliiacha zamani."

"Wewe ndiye uliyeiacha. Hukuniambia."

Ndipo akamweleza jambo ambalo Yonasi hakuwahi kulisikia. Babu yake Yonasi alipougua uzeeni, hapakuwa na wa kumwuguza ila Enesi, na Enesi alikuwa mkwe, hawezi kumsogelea. Mzee yule akaagiza kuku hai, akamkabidhi Enesi mbele ya watu, akasema kuanzia leo huyu ni binti yangu. Baada ya hapo Enesi alimnywesha uji na kumwosha miguu mpaka alipofariki. "Kwa hiyo njia ipo," alisema Jairo. "Ni mimi niliyechelewa."

Asubuhi akaenda kwa Mama Kalimera, ambaye alifuga kuku nyuma ya nyumba. Alikataa kusindikizwa. Akaonyesha banda kwa kidole. Mama Kalimera akaingia, akamletea mayai. Jairo akatikisa kichwa, akakunja mikono kama mabawa na kulia kama kuku. Mama Kalimera akamtazama kwa makini, akaingia tena, akatoka na tetea mwekundu mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Jairo akakipokea kisu kwa upole, akakiweka juu ya ukuta. Akamchukua kuku, akamkumbatia kifuani ili aeleweke. Mama Kalimera alifanya ishara ya msalaba, akampa na mayai pia. Malipo akakataa.

Jairo alirudi na kuku kwapani, amevaa koti lake la ibada. Watalii wawili wakampiga picha. Safari hii aliingia kwa mlango.

Anneke alikuwa mezani na mkate. Alipomwona alisimama, akataka kupisha njia, maana na yeye alikuwa ameanza kujifunza.

"Kaa," alisema Jairo. Lilikuwa neno la kwanza. Akaona halitoshi. "Mimi ni Jairo, baba yake Yonasi. Kwetu nilifundishwa kumheshimu mkwe kwa kumkimbia. Nimekukimbia sana. Sasa nimechoka, na umri wenyewe huu. Pokea kuku huyu. Kuanzia leo wewe ni binti yangu, usiponiona uniulizie."

Anneke akampokea. Hakuwahi kushika kuku hai, na kuku alilijua hilo. Manyoya yakaruka, kikombe kikaanguka, Ikupa akapiga makofi. Anneke akamng'ang'ania mpaka akatulia, ndipo akapiga goti kama alivyofundishwa na Enesi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Jairo, kisha akakohoa kidogo. Enesi akasema ni vumbi la mashine.

Mchana huo walikula meza moja. Ndipo Jairo alipogundua kwamba mkwe wake ni mtu wa maneno. Alikuwa ameyaweka kwa miaka tisa, na yote yakatoka kwa mpangilio: kwa nini anasaga bila kuziba pua, kwa nini chumba cha mashine kina dirisha dogo vile, kwa nini dawa za kifua anazinywa siku anazojisikia tu. Jairo alijibu maswali mawili, mengine akaomba chumvi. Ilipofika suala la sigara alizoacha zamani, alianza kuuona upya uzuri wa mila. Lakini hakuondoka mezani.

Kuku hakuliwa. Ikupa alimpa jina, na kuku akishapewa jina na mtoto habari imekwisha. Siku ya kuondoka Anneke alimkabidhi kwa Mama Kalimera amtunzie, na siku zilizobaki kabla ya hapo Jairo alizitumia ufukweni, kiti kikiwa kimeelekea majini. Aliona bahari ni nzuri, ila ina kelele.

Walirudi Tunduma mwezi wa nane. Jairo alitoboa dirisha kubwa kwenye chumba cha mashine, akaanza kuvaa barakoa, na wateja wakazoea kuzungumza naye kwa ishara.

Habari zilifika Ileje. Kaka yake mkubwa, Nsajigwa, alishuka kutoka Itumba, hukohuko Ileje, kuja kulalamika.

"Nimesikia umemfungulia mkwe mwiko kwa kuku. Kuku, Jairo! Mzungu wa watu ametoka Uholanzi, wewe unampa kuku?"

"Wa kuazima," alisema Enesi kutoka jikoni. "Na kamrudisha."

Ndugu hao wawili waliongea mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata Jairo alipanda Ileje, akanunua ng'ombe mtamba mweusi, akamwacha katika zizi la Nsajigwa kwa jina la Anneke. Mwaka huu amezaa. Anneke hupiga simu Jumapili baada ya ibada, anauliza kifua kinaendeleaje, kisha anataka kujua kwa kina ni nani anayekunywa maziwa yake. Jairo anamwambia ni Nsajigwa, na kumpa namba yake ya simu. Nsajigwa siku hizi haipendi sana simu ya Jumapili.