Mugumo Uliopumzika Jumapili

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza Kayole nzima kuangusha mti wa futi arobaini.

Sawa, niseme ukweli kabla hamjaniitisha picha. Nilikuwa chini nimeshika kamba. Na mti wenyewe haukuanguka.

Aliyeanguka ni ndugu yangu.

Ilikuwa mwezi wa nne, 1996, mvua ndefu zimeanza. Luseno alikuwa juu ya mugumo, ule mtini mkubwa ambao wazee wa Kikuyu huuheshimu, miguu imekumbatia tawi, msumeno mkononi. Mara akalia kama mbuzi, mikono ikafunguka yenyewe, akaachia.

Hakuteleza. Nilikuwa namwangalia. Mti ulimtupa, vile wewe hutupa ganda la muwa.

Kamba ilinivuta hadi magoti yakalima matope. Ndiyo iliyomwokoa. Akabaki ananing'inia mita mbili kutoka chini, anazunguka polepole, macho yamemtoka.

"Dada," akasema, "umeona ni nani amenipiga?"

Sikuwa nimeona mtu.

Nyuma yangu watu walikuwa wameshajaa. Mama mmoja aliyebeba gorogoro, lile kopo la kupimia, limejaa mahindi, akasema, "Si tuliwaambia. Mugumo haukatwi."

Na mimi nikaanza kuhesabu ni nani atatuma habari kwa chifu. Kwa sababu barua ya ruhusa hatukuwa nayo.

Ngojeni niwaeleze kazi yetu.

Luseno ni ndugu yangu mdogo. Alikuwa anakata miti: matawi yanayoingia madirishani, mikaratusi inayoinamia nyumba, miti iliyokufa ikisubiri kuua mtu. Yeye alipanda, mimi nikashika kamba. Yeye shule ilimshinda darasa la tatu, mimi nilifika la saba, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa ofisi.

Ofisi yenyewe ilikuwa daftari moja la kurasa thelathini na mbili.

Kabla ya panga kugusa mti, nilikuwa nauliza. Mti uko ndani ya ploti ya nani? Nyaya za stima, umeme, zinapita wapi? Tawi likiangukia mabati ya jirani, nani anatengeneza? Naandika, mwenye mti anaweka sahihi au dole gumba. Wakili mzima, ila mwenye patipati miguuni.

Kuangusha mti mzima ilibidi uwe na barua ya chifu. Lakini sisi watu wa miti tulikuwa na sheria yetu ya mfukoni: tawi si mti. Leo unatoa tawi, kesho tawi, mwisho kunabaki nguzo. Nani anaombea nguzo barua?

Hiyo akili ya ujanja ilikuwa yangu. Naikubali.

Mwaka uliotangulia, akili hiyo hiyo ilimlaza Luseno rumande wiki tatu kwa ajili ya mti mmoja wa mtaa wa Kware. Alirudi amekonda, anakohoa, na hakuniuliza neno. Alisema tu, "Dada, nikiingia tena mle ndani, nikitoka narudi nyumbani Bungoma. Kazi hii utaifanya na mtu mwingine."

Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kusimama mahali pamoja asubuhi ile.

Mugumo ulikuwa kwenye ploti ya dada mmoja anaitwa Sirad, mwuza nguo mwenye vyumba vya kupangisha. Alituita kwa sababu mti wake ulikuwa unauma watu. Sisemi utani. Mvua ikinyesha, ukiegemea shina unasukumwa. Mpangaji mmoja alifunga kamba ya nguo pale, akaanua shuka, akatetemeka mpaka akahama mwezi huo huo. Kuku wawili walikutwa chini yake wamekauka miguu juu.

Majirani wakasema ni mizimu ya mugumo.

"Mimi na mizimu hatujuani," Sirad akaniambia. "Mimi najua chumba kikikaa bila mtu. Kata, mama."

"Barua ya chifu inakuja," nikamwambia.

Haikuwa inakuja. Siku ile nilitakiwa kwenda kwa chifu, lakini Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, kulikuwa kumefika mbuzi kutoka mbali, mbavu nje, na mwenye mbuzi, mama anaitwa Koki, alitaka mkokoteni wa majani ili wawe na tumbo kabla wanunuzi hawajafika. Na mbuzi, majani ya mugumo hawayaachi. Miguu ilikuwa na njia mbili. Ikachagua Kiamaiko, nikamwahidi Koki majani ya mugumo huo.

Nikamwambia Luseno, "Anza na matawi."

Alikuwa ametoa matatu alipotupwa.

Sijamaliza kumfungua fundo la kiunoni, chifu huyo. Na askari wake wawili. Na mbele yao, akionyesha njia kwa fimbo, Mzee Ng'ang'a.

Huyu alikuwa jirani wa Sirad upande wa pili wa ua. Mzee wa kanisa, koti hata kwenye jua, na mwenye kinu cha kusaga unga ambacho nusu ya mtaa ilikitegemea. Kinu kilikuwa kinanguruma hapo hapo nyuma ya mabati, tukawa tunaongea kwa kupiga kelele.

"Chifu, jionee mwenyewe," akasema. "Mti wa babu zetu. Wanakuja watu kutoka huko kwao, hawajui miiko, wanaukatakata kama sukumawiki. Na mugumo umejibu."

"Barua iko wapi?" chifu akaniuliza.

"Ni matawi tu, mkubwa."

Chifu akatazama chini. Matawi yalikuwa manene kama mapaja ya ng'ombe.

"Mama, nisikilize. Mti ukiwa hatari kwa watu, unakuja kwangu, tunaukagua, nakuandikia. Mti usio na kosa, ukiukata bila barua, hiyo ni kesi. Na huyu," akamwangalia Luseno vizuri, "huyu si ndiye wa Kware?"

Luseno akainamisha kichwa.

"Gari la polisi linapita saa sita. Ataenda nalo."

"Na kama mti una kosa?" nikauliza.

"Nionyeshe kosa. Si mizimu. Mizimu siiandikii barua."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Wakamkalisha Luseno juu ya tawi lake mwenyewe, askari mmoja kila upande. Hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mimi kukaa sikuweza. Nikazunguka mti. Nikaugusa kwa kidole, haukufanya kitu. Nikagusa mahali palipolowa, nikarudi nyuma hatua tatu bila kupenda. Askari wakacheka. Nikazunguka tena, mara ya nne, ya tano, mpaka Sirad akasema nitatoboa shimo.

Nikaanza kuuliza watu. Wewe uliumwa lini? Nikafungua daftari nikaandika, maana mkono kama usingeshika kitu ungenipiga mwenyewe.

"Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha."

"Alhamisi. Nilikuwa naanua nguo."

"Kuku wangu alikufa Ijumaa."

Kulikuwa na msichana mdogo wa Sirad, Shukri, ananifuata nyuma. Akasema, "Sisi Jumapili tulipanda mpaka juu kabisa na kulikuwa na mvua. Haukutuuma."

"Jumapili ipi?"

"Zote. Jumapili hauumi."

Nikapitia daftari kutoka juu hadi chini. Jumatatu mmoja. Jumanne wawili. Alhamisi mmoja. Ijumaa wanne. Jumapili, hakuna hata kifaranga.

"Sirad," nikasema, "ni mzimu gani huu unaopumzika Jumapili?"

Sirad akafikiri. "Labda ni Mkristo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakatika, maana nilisikia kitu nilichokuwa nimekisikia asubuhi nzima bila kukisikia. Kinu. Kelele zile zilikuwa kila siku, isipokuwa siku moja. Siku mwenyewe akiwa kanisani.

Nikainuka. Ilikuwa imefika saa tano kasoro.

Mstari wa tatu wa nyumba alikaa kijana anaitwa Nzuki, alikuwa akifanya kazi ya stima. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Niligonga dirisha mpaka jirani yake akaamka kabla yake.

"Mama, kuna moto?"

"Bado. Beba glavu zako."

Alikuja na ndala miguuni, ufito mrefu mkavu begani, na hasira ya mtu aliyekatizwa ndoto. Chifu akamwonyesha mti. Nzuki akaweka mkono juu ya macho, akatazama juu muda mrefu. Mzee Ng'ang'a akaanza kusema habari za babu zetu tena.

Mnajua mugumo unavyoteremsha mizizi kutoka matawini, inaning'inia kama ndevu. Nzuki akainua ufito, akasogeza ndevu moja. Mbili. Ya tatu haikusogea.

"Huu si mzizi," akasema.

Ilikuwa waya. Nyeusi, kuukuu, imejificha katikati ya mizizi, mahali pengine mti umeshaimeza. Ilitoka kwenye nyaya za barabarani ambako ilikuwa imetundikwa kwa kulabu, ikapita ndani ya mugumo, ikashuka hadi paa la kinu. Mahali tawi lilipoisugua, ngozi yake ilikuwa imechubuka, shaba inaonekana. Hapo hapo ndipo Luseno alipokuwa ameweka mkono.

"Mtu anaitundika na kuitoa kwa fimbo," Nzuki akasema, maana nilikuwa nimemweleza habari ya Jumapili. "Akifunga biashara Jumamosi anaitoa, Jumatatu alfajiri anairudisha. Mti ukilowa, wote unakuwa stima. Huyu kijana ana bahati kamba ilikuwa na mtu."

Kamba ilikuwa na mimi. Nilisimama wima tu ili waone.

Chifu akageuka polepole. "Mzee Ng'ang'a. Waya hii ni ya nani?"

Mzee hakupepesa macho. "Mimi niijulie wapi? Hata mimi nashangaa. Chifu, kinu changu ni cha dizeli tangu siku nilipokifungua. Uliza mtu yeyote. Injini iko chumba cha nyuma."

"Tufungulie tuione."

"Ufunguo uko kwa kijana wangu. Ameenda mjini."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kinu wakaanza kusogea, gorogoro kichwani. Mahindi yao yalikuwa ndani yanasagwa, lakini haya yalikuwa matamu kuliko ugali.

"Kama si yako," Nzuki akasema, "basi nikiitoa haitakusumbua."

"Toa, toa. Itoe kabisa, inaua watu."

Nzuki akavaa glavu. Akainua ufito, akashika ile kulabu, akainyanyua kutoka kwenye laini.

Kinu kikalia kama mzee anayekaa kitini, kikanyamaza.

Kimya kile. Nilisikia maji yakidondoka kutoka majanini. Nilisikia Luseno akivuta pumzi.

Watu wote wakamgeukia Mzee Ng'ang'a.

Akakohoa. Akarekebisha koti.

"Dizeli imeisha," akasema.

Sasa, kabla sijawaambia kilichofuata, nipeni nafasi niseme fundisho, kwa sababu nikimaliza mtakuwa mnacheka na hamtanisikia.

Wewe unayepanda miti ya watu, ukiambiwa mti una mwenyewe, uliza tena. Ukiambiwa hauna stima, mtafute mwenye macho ya stima aangalie. Tafuta barua hata ya tawi moja, kwa sababu siku mambo yakiharibika hakuna atakayekuuliza lilikuwa tawi au mti. Na mtu asiyejali mti miaka yote, akianza kuulilia siku ya kukatwa, usiangalie machozi. Angalia mti.

Na wewe uliye chini, kazi yako ni moja: usiache kamba. Mimi nilimwacha ndugu yangu asubuhi ile kwa mambo mengi, kwa barua, kwa haraka, kwa mbuzi wa Koki. Kamba pekee ndiyo sikuiacha. Nikikumbuka ilikuwa karibu kiasi gani, mpaka leo usingizi unanikatika.

Haya, turudi.

"Dizeli imeisha," chifu akarudia. Hakukunja uso wala kutabasamu. "Pole sana, mzee. Tena imeisha wakati ule ule waya umetolewa."

"Ndivyo ilivyo, chifu. Nilikuwa nataka kutuma mtu akanunue."

"Usitume bado." Chifu akamgeukia Nzuki. "Rudisha hiyo waya kidogo."

"Chifu, ni hatari," Mzee Ng'ang'a akasema haraka. "Umesikia inaua watu."

"Ondokeni kwenye mti," chifu akatuambia. Tukaondoka, askari na Luseno wao pamoja. Mzee akabaki amesimama mlangoni mwa kinu chake, mgongo umeziba mlango.

Nzuki akainua ufito, akatundika.

Nyuma ya mgongo wa Mzee Ng'ang'a, ndani ya kinu kisichokuwa na mtu, kitu kikakoroma. Kikapanda. Kikanguruma. Unga ukatoka kwenye kitambaa kinachofungwa mdomoni mwa kinu, mweupe, kwa nguvu, juu ya mabega ya koti lake.

Askari aliyemshika Luseno mkono akamwachia, akasogea taratibu kuelekea mlango wa kinu.

Na yule mama wa gorogoro, yule aliyetuambia mugumo haukatwi, akasogeza shingo mpaka karibu na uso wa mzee, akamwuliza kwa adabu zote:

"Mzee, umejaza dizeli saa ngapi?"