Msiba wa Mama Ulivyopitia kwenye Grupu

Kwetu Murukulazo mtu akifa, binti aliyeolewa mbali hutumiwa mtu. Anafika, unamkaribisha kiti, hakai. Hapo umeshajua. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa msiba wa baba, na wa wadogo zangu wote waliokwenda na ugonjwa ule uliotubakiza mimi na kaka.

Msiba wa mama niliambiwa na muuza nyanya, gulioni Nyakahura, huku nilikoolewa.

"Pole, mama. Kumbe hujaenda kuzika?"

"Kumzika nani?"

Akashika mdomo. Binti wa kaka yangu alikuwa ameweka picha ya bibi yake mtandaoni, na mishumaa.

Niliacha ndizi zangu chini nikadandia pikipiki na khanga ile ile. Njia nzima nilikuwa namsukuma dereva mgongoni. Nafika, wanaosha masufuria. Kaburi limeshapigwa simenti.

"Dada, tulikusubiri," kaka akasema, kashika sahani. "Tangazo liliwekwa kwenye grupu la ukoo. Tukaona limesomwa upande wako."

"Mimi nina kitochi, simu ya vitufe. Grupu nalisomea wapi?"

"Si kijana wako yumo kwa niaba yako?"

Kijana wangu anakaa Biharamulo mjini. Nikampigia hapo hapo.

"Mama, nilisoma. Nikajua mjomba atakupigia."

"Na mimi nikajua mwanao atakwambia," kaka akadakia.

Basi nawataja: kaka yangu wa tumbo moja, ambaye akitaka maharage namba yangu anaijua, na mwanangu wa kumzaa. Hao ndio walioninyima kumzika mama.

Binti wa kaka akaja na simu yake kubwa. "Shangazi, usilie. Tumekurekodia yote, hata ukitaka nikurudishie nyuma."

Nikatazama. Kaka anaokota udongo wa kutupia kaburini, anatangaza kwamba huo ni wa dada yake, amekwama njiani.

"Nilikwama njia gani?" nikamuuliza mbele ya watu. "Jana nilikuwa shambani napalilia!"

Akainamia sahani yake.

Nilizunguka kaburi, nikazunguka tena. Udongo wote ulikuwa umesombwa. Nikaenda kwenye migomba aliyoipanda mama, nikachota kwa mikono miwili, nikaumwaga juu ya simenti.

Mke wa kaka akaja mbio na ufagio. "Wifi, bado mbichi hiyo! Udongo utagandia, itaharibika!"

"Iharibike," nikamwambia, nikarudi kuchota mwingine.