Nyota ya Tano ya Safu Yetu

Juzi, darasani kwa mwanangu hapa Nyasubi, niliona nyota za chaki ubaoni, nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa nasoma Rwamgasa. Mwalimu wetu aliichorea nyota kila safu iliyorudi nzima baada ya chakula cha mchana. Safu yenye nyota tano ilipata sufuria ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, pamoja na karanga. Sisi tulikwama kwenye nne. Tangu hapo Kabula, mwenzetu wa safu, alichelewa kila siku, nami niliamini anatuchukia.

Siku hiyo, wakati wa chakula, sisi watano tulimfuata kwao kwa hasira. Uani kulinuka dawa ya majani, na ndani bibi yake alikuwa akikohoa.

"Bado ndoo tatu," Kabula alisema bila kututazama.

Tulizichukua tukakimbia kisimani, maji yakitumwagikia njia nzima, kisha tukakimbilia shuleni pamoja naye. Kengele ililia tukiingia mlangoni.

"Safu ya dirishani, mko wangapi?" mwalimu aliuliza.

"Sita!"

Leo naelewa kwamba Kabula alikuwa mtoto anayeuguza. Siku ile nilimwona tu akipewa chaki na mwalimu, akaichora nyota yetu kubwa kuliko zote, mikono ikimchuruzika maji, nasi tukashangilia mpaka madarasa mengine yakachungulia.