Wasabi Haisubiri Hotuba

Ami Kihachi ameishi miguu ikiwa majini. Tangu ujana analima wasabi, mmea wenye tunguu kali la kijani, kwenye matuta ya mawe bondeni Izu, Japani, pale chemchemi baridi inapopita usiku na mchana, na mikono yake imekuwa myekundu kama kaa aliyechemshwa. Sijapata kumsikia akimkaripia mtu. Ndiyo maana mimi, mtoto wa kaka yake, niliporudi kutoka chuo kikuu na shahada na hasira, nilijiteua kuwa msemaji wake.

Nyumba za wageni zilizonunua kwake zilikuwa zimemkimbia moja baada ya nyingine, zikahamia wasabi bandia: tyubu za figili kali iliyotiwa rangi ya kijani. Alibaki Bi Otsuru tu, mwenye nyumba moja ya wageni. Naye akisema basi, ami angeyaachia magugu matuta yake.

Siku Bi Otsuru alipokuja kuonja, ami aliparuza tunguu la wasabi kwenye kibao cha ngozi ya papa, taratibu, kwa kuzungusha, mpaka likawa uji mzito. Samaki mbichi alikuwa tayari sahanini. Nikasimama.

Nilitangaza kwamba wasabi ni heshima ya bonde zima. Niliwalaani wanaoikoroga ndani ya mchuzi wa soya badala ya kuiweka juu ya samaki. Nikataja faida zake: inapambana na vijidudu, inachangamsha tumbo, na nyingine kadhaa ambazo wanasayansi bado hawajazigundua. Ami alinisikiliza mdomo wazi, machozi yakimlengalenga. Nikazidisha sauti.

Hatimaye Bi Otsuru akala. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Kihachi, mbona ladha ya nyasi?"

Ami akashika kichwa. "Lo! Imeshalala! Ikiparuzwa haikai, ukali wote unaruka. Nami nimekaa hapa nasikiliza!"

"Si ungemnyamazisha?"

"Dada, alikuwa anapendeza!"

"Paruza nyingine. Na wewe, mheshimiwa, hebu fungua mdomo."

Ami akaparuza; Bi Otsuru akaniwekea donge zima ulimini. Moto ukanipanda puani, ukapiga hodi utosini. Nilitaka kumweleza kwamba hiyo siyo namna sahihi ya kula, kikatoka kikohozi. Nikiwa bado nakohoa, wao wakala, wasabi kidogo tu juu ya kila kipande. Bi Otsuru akafumba macho. Niliuona ukali ukimpanda usoni, ukashuka, ukamwachia utamu.

"Niletee kila Ijumaa," alisema. "Na kijana aje."

Nikafuta machozi, nikajiweka sawa kutoa shukrani.

"Abebe kikapu," akaongeza. "Na donge mdomoni."